Ameruhusiwa, Amepimwa, Hana Maambukizi: Uhakiki wa Maneno Matano ya Karatasi ya Hospitali

Katika makala haya tumekusudia kuhakiki maneno machache ambayo hutumika mgonjwa anapotoka hospitali kwenda mahali atakapotunzwa kwa muda mrefu, hasa maneno yahusuyo kumchunguza kama ana vimelea vya ugonjwa vinavyoweza kuwafikia wengine huko aendako. Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa ni la waganga peke yao. Lakini mganga akishaandika, wanaosoma ni ndugu wa mgonjwa, au msimamizi wa makazi ya wazee, au ofisa wa ustawi wa jamii. Nao husoma Kiswahili. Kwa hiyo ni jambo letu pia.

1. Mfano wenyewe

Tuchukue mfano wa Ushirombo. Mji huu ni makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, ambayo ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga mpaka mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Geita. Uko kwenye barabara kuu itokayo Isaka na Kahama kuelekea Rwanda na Burundi. Wamisionari wa White Fathers walianzisha misheni hapo mwaka 1891. Kisumbwa na Kisukuma husikika sokoni pamoja na Kiswahili, na dhahabu ya eneo hili imewavuta wachimbaji wadogo kutoka pande nyingi za nchi. Mahali kama hapa Kiswahili ndicho daraja baina ya mganga na mgonjwa, na daraja likiwa bovu hakuna njia nyingine ya kuvukia.

Tuseme yupo mzee aliyefanya kazi katika maduara ya dhahabu kwa miaka mingi. Amelazwa hospitali kwa sababu ya kikohozi na kidonda cha mguu. Hana mtoto wa kumtunza. Siku ya kutoka, yawezekana atapelekwa nyumbani kwa mpwa wake hapo Ushirombo, ambako atalala chumba kimoja na watoto wa mpwa huyo. Au, ikiwa mpwa hana uwezo, ofisa wa ustawi wa jamii ataombwa amtafutie nafasi katika makazi ya wazee kama yale ya Kolandoto, Shinyanga, au ya Bukumbi, Mwanza. Karatasi yake imeandikwa hivi: "Mgonjwa ameruhusiwa. Amepimwa. Hana maambukizi."

Mfano huu tumeutunga sisi wenyewe, lakini wasomaji waliopata kufasiri nyaraka za afya watakiri kwamba maneno yake si mageni. Ni maneno matano tu, nayo hayana kosa la sarufi. Hata hivyo twadai kwamba kila moja ya sentensi hizo tatu huahidi zaidi ya yale ayajuayo mganga, na kwamba ahadi hizo zaweza kumdhuru mzee mwenyewe au wale watakaomtunza. Tuziangalie moja moja.

2. "Ameruhusiwa"

Kiingereza hutumia neno moja kwa mgonjwa anayetoka hospitali, kwa mfungwa anayeachiliwa, kwa deni linalokwisha kulipwa, kwa shehena inayoshushwa kutoka melini, na hata kwa usaha unaotoka kidondani. Mfasiri asiyekuwa mwangalifu aweza kupotea katika msitu huo. Kiswahili cha hospitali zetu kimechagua njia yake: mgonjwa "huruhusiwa". Neno hili halikutungwa na kamati yoyote. Lilitoka vinywani mwa wagonjwa na wauguzi. Tena ni neno la adabu. Mgonjwa aliyelazwa yuko chini ya amri ya mganga, hawezi kuondoka kwa hiari yake, na siku ya kuondoka hupewa ruhusa.

Udhaifu wake ni huu. Ruhusa, katika maisha yetu ya kila siku, hutolewa pale ambapo kizuizi kimeondoka. Mwanafunzi huruhusiwa kwenda nyumbani masomo yakiisha. Gari huruhusiwa kupita kizuizini likishakaguliwa. Basi mtu asikiapo kwamba mgonjwa "ameruhusiwa" hufahamu kuwa mganga ameona hakuna tena la kumzuia: amepona, na hana la kumdhuru mtu. Katika mazungumzo ya kawaida, jibu la "ameruhusiwa" ni "tumshukuru Mungu", na chakula hupikwa.

Lakini sababu za mgonjwa kutoka hospitali ni nyingi. Aweza kutoka kwa kuwa tiba iliyobaki yaweza kufanyiwa nyumbani, au kwa kuwa hospitali haina la kumwongezea, au kwa kuwa kitanda kinahitajiwa na mwingine aliye mahututi zaidi. Katika hizo zote aweza kutoka akiwa bado na vimelea. Kuruhusiwa si kupona; na hata kupona hakumaanishi kwamba mwili umesafika.

Jambo hili si la nadharia. Mwezi Machi mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoanza kuenea Uingereza, hospitali za huko ziliagizwa tarehe 17 kuondoa kwa haraka wagonjwa wote walioweza kuondoka, ili vitanda vipatikane. Mpaka tarehe 15 Aprili, Serikali ilipotangaza kwamba kila mgonjwa apimwe kabla ya kupelekwa katika nyumba za wazee, watu wapatao 25,000 walikuwa wamekwisha kuhamishwa kutoka hospitali kwenda katika nyumba hizo, na si wote waliopimwa. Tarehe 27 Aprili 2022 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba maagizo ya Machi na ya mwanzo wa Aprili 2020 yalikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa waliyoyatoa hawakuzingatia hatari iliyowakabili wazee kutokana na watu wasio na dalili.

Yafaa tuseme kwa haki kwamba Waingereza hawakukosa maneno. Lugha yao ina istilahi tele za afya, na bado kosa lilitendeka. Hatudai, basi, kwamba istilahi nzuri hutosha kumlinda mzee. Twadai jambo dogo zaidi: pale ambapo hata mwenye istilahi tele aweza kusahau tofauti baina ya "asiye na dalili" na "asiyeambukiza", yule ambaye lugha ya karatasi yake haitofautishi kabisa hana hata cha kumkumbusha.

3. "Amepimwa"

Neno "kupima" lina kazi kubwa katika nchi ya dhahabu. Mchimbaji mdogo apatapo mwamba mpya hasagi viroba vyote kwa kubahatisha. Huchukua kiasi kidogo, hukitwanga, hukiosha kwa maji katika karai, na kutazama kama kuna chembe zing'aazo chini. Chembe zikionekana hajui bado amepata kiasi gani; ajua tu kwamba inafaa kuendelea. Kupima hasa huja baadaye, mbele ya mnunuzi, juu ya mizani. Mizani ikishasema, mjadala umekwisha na fedha hutolewa.

Twaona basi kwamba watu wa Ushirombo wanazifahamu vizuri hatua mbili ambazo tiba nayo inazihitaji. Ya kwanza ni ile ya kuwaangalia watu wengi kwa njia nyepesi ili kuwajua wale wanaostahili kuangaliwa zaidi. Ya pili ni ile ya kuthibitisha. Maswali ya kifua kikuu ni ya hatua ya kwanza: je, una kikohozi, una homa, unatoka jasho usiku, umepungua uzito? Anayejibu "ndiyo" hajaambiwa kwamba ana kifua kikuu. Ameambiwa tu kwamba makohozi yake yapelekwe maabara, na maabara ndiyo mizani.

Kwa mzee wetu tofauti hii ni kubwa kuliko kwa mtu mwingine. Vumbi la mawe yenye silika huharibu mapafu ya mchimbaji. Humletea kikohozi na kukosa pumzi hata kama hana kifua kikuu. Na papo hapo humwongezea hatari ya kupata kifua kikuu chenyewe. Mchimbaji mzee akiulizwa kama anakohoa atajibu "ndiyo" kwa vyovyote vile. Ikiwa lugha haitenganishi hatua mbili hizo, wachimbaji wengi wataitwa wagonjwa wa kifua kikuu kwa sababu ya vumbi. Na wengine wenye kifua kikuu kweli wataambiwa kwamba ni vumbi tu.

Sasa karatasi yasema "amepimwa". Amepimwa nini? Kwa njia gani? Lini? Msomaji hawezi kujua, na kwa kuwa kupima kwake ni kwa mizani, atafahamu kwamba mambo yamekwisha. Tena kuna uzito mwingine uliolikalia neno hili. Tangu ugonjwa wa UKIMWI ulipoingia nchini, ambapo wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, "kwenda kupima" kumekuwa na maana moja masikioni mwa wananchi wengi. Ukimwambia mpwa kwamba mjomba wake amepimwa kabla ya kutoka, swali litakalomjia moyoni si la kifua kikuu wala la kidonda.

Wafasiri wamejaribu maneno mengine kwa hatua ile ya kwanza. Kiingereza kina neno moja lenye maana ya chekeche na vilevile ya pazia, na wengi wameifuata maana ya chekeche. Wakapendekeza "mchujo" au "uchujaji". Sisi tunaona kwamba neno hili halifai kwa watu. Katika siasa na michezo yetu, aliyechujwa ni aliyekataliwa. Mzee akiambiwa amepita au hakupita katika mchujo atafahamu kwamba nafasi yake katika makazi inashindaniwa. "Kuchekecha" nako hutenga unga na chenga, na chenga hutupwa. "Upekuzi" ni wa polisi. "Ukaguzi" ni wa hesabu na majengo. "Uchunguzi" linafaa zaidi, ila likisimama peke yake ni pana mno, kwani maiti nayo hufanyiwa uchunguzi. "Uchunguzi wa awali" limeenea, nalo si baya. Lakini "awali" hueleza tu wakati wa jambo na kuacha sababu yake.

Kuhusu majibu yenyewe, shule zetu zinafundisha "hasi" na "chanya", na maneno hayo yametulia katika hisabati. Katika karatasi ya mgonjwa yana taabu mbili. Kwanza, "hasi" katika hesabu ni upungufu, na hapa ndilo jibu jema. Msomaji hulazimika kugeuza fikra. Pili, katika nchi ya wafugaji na wakulima wa plau, "kuhasi" ni jambo afanyiwalo ng'ombe dume ili awe maksai. Hatusemi maneno haya yafutwe maabara. Twasema kwamba katika karatasi inayokwenda kwa ndugu, ni bora kuandika kwa sentensi kamili: "vimelea havikuonekana" au "vimelea vimeonekana".

Na hapo ndipo penye faida nyingine. Mwenye kuandika "havikuonekana" amesema kweli, kwa kuwa ametaja alichokiona mtazamaji siku ile. Mwenye kuandika "hana" amesema asilolijua, kwa kuwa ugonjwa aliouvuta mtu jana huenda usionekane leo.

4. "Hana maambukizi"

Kitenzi "ambukiza" chahitaji watu wawili, yule atoaye na yule apokeaye. Kutokana nacho Kiswahili kimezaa maneno mengi: kuambukiza, kuambukizwa, kuambukizana, uambukizaji, ambukizo, maambukizo na maambukizi. Utajiri huu ni mkubwa, lakini tumeutumia ovyo. Neno "maambukizi" peke yake limebebeshwa mizigo minne. Hutumika kwa kitendo cha ugonjwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, kama katika "kuzuia maambukizi". Hutumika kwa hali ya mtu ambaye vimelea vimo mwilini mwake. Hutumika kwa ugonjwa unaotokana na vimelea hivyo, kama katika "maambukizi ya kidonda". Na hutumika kwa hesabu ya wagonjwa wapya, kama katika "maambukizi yameongezeka wiki hii".

Matokeo ya kuchanganya mizigo hiyo yanaonekana wazi katika kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba robo hivi ya watu wote duniani wamepata kuambukizwa vimelea vya kifua kikuu. Katika hao, ni asilimia 5 hadi 10 tu ambao wataugua katika maisha yao. Waliobaki wana vimelea vilivyolala. Hawaumwi, wala hawamwambukizi mtu. Tukisema kila mmoja wao "ana maambukizi", na papo hapo tukisema mgonjwa atemaye vimelea akikohoa "ana maambukizi", tumewafunga katika kamba moja watu ambao mmoja ni hatari na mwingine si hatari hata kidogo.

Zipo basi hali tatu ambazo lugha haina budi kuzitenganisha. Ya kwanza ni kuwa na vimelea: vimo mwilini, au vimekaa juu ya ngozi, puani, au kidondani, bila kumletea mtu ugonjwa. Ya pili ni kuugua: vimelea vimeleta madhara. Ya tatu ni kuweza kuambukiza: vimelea vyatoka kwake na vyaweza kumfikia mwingine. Hali hizi zaweza kukutana katika mtu mmoja, na zaweza kuachana. Yupo aumwaye asiyeambukiza, kama yule ambaye kifua kikuu chake kiko katika mifupa. Yupo aambukizaye asiyeumwa, kama wale waliosahauliwa na maagizo ya Uingereza.

Mzee wetu ana kidonda. Tuseme vimelea vilivyoonekana humo ni sugu, yaani dawa za kawaida haziviui. Wizara ya Afya imekwisha kutoa istilahi ya jambo hili, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA, nayo ni istilahi nzuri kwa sababu inaeleza wazi kwamba kilicho sugu ni kimelea. Lakini wananchi wanalo tayari neno "ugonjwa sugu" kwa maana ya ugonjwa wa siku nyingi, kama kisukari au shinikizo la damu, na "mgonjwa sugu" kwa maana ya mtu augaye siku zote. Karatasi ikisema kwa mkato kwamba mzee "ana maambukizi sugu", msimamizi wa makazi ataona mbele yake mtu asiyepona na asiyekaribika. Aweza kumkataa.

Na kumkataa kungekuwa kosa. Kwa vimelea vya namna hii vilivyokaa kidondani au juu ya ngozi, kanuni ya kawaida ya uuguzi ni kufunika kidonda, kunawa mikono kabla na baada ya kumhudumia mgonjwa, na kutochangia taulo na nguo. Mzee huyo ana haki ya kupokewa. Karatasi yenye maneno sahihi ingempatia kitanda na kuwalinda jirani zake kwa pamoja. Yenye neno moja pana humnyima kitanda, au ikikanusha neno hilo hilo, huwanyima jirani zake kinga.

5. Mahali aendako

Maneno ya mahali nayo yana historia. Baadhi ya makazi ya wazee nchini yana asili katika makambi ya watu wenye ukoma, na mpaka leo, katika makazi kama Bukumbi, wazee huishi pamoja na watu waliopata kuugua ugonjwa huo. Kutenga kulikuwa ndiyo tiba ya zamani. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977. Dawa mseto za ukoma zilipoanza kutumika nchini katika miaka ya 1980, sababu ya kutenga iliondoka. Neno halikuondoka kwa upesi huo. Watu waliendelea kusema "kambi", na waliendelea kusema "mkoma", neno ambalo humfanya mtu kuwa ugonjwa wake maisha yote hata akiwa amepona.

Hapa tunalo funzo ambalo Baraza na Wizara waweza kujivunia. "Mkoma" limeachwa katika nyaraka rasmi na mahali pake pameshikwa na "mtu mwenye ukoma" au "mtu aliyeathirika kwa ukoma". "Mwathirika" wa UKIMWI naye amekuwa "mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI". Mabadiliko hayo hayakuwa ya mapambo. Yaliwawezesha watu kwenda kutibiwa bila kujitia jina ambalo wasingeweza kulivua.

Kwa hiyo tunaomba "kambi ya wazee" liepukwe katika karatasi za hospitali. "Makazi ya wazee" latosha Bara, na Zanzibar, ambako zipo nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, jina "nyumba za wazee" limezoeleka na lina joto. Pale panapohitajika neno pana la kujumuisha makazi ya wazee, vituo vya watu wenye ulemavu na mahali pengine pa namna hiyo, "kituo cha matunzo" lafaa kuliko "kituo cha kulea", kwa kuwa kulea ni kwa mtoto, na mzee hapendi kurudishwa utotoni. Wala tusisahau kwamba Ushirombo, kama katika sehemu nyingi za nchi, anayetunza aghalabu ni familia. Istilahi yoyote itakayomfaa msimamizi wa makazi na isimfae mpwa, itakuwa imewasahau walio wengi.

6. Pendekezo

Tumekwisha kulaumu vya kutosha. Yafaa tutoe mchango. Neno tunalolipendekeza kwa ajili ya mgonjwa anayekwenda kutunzwa na wengine ni "makabidhiano". Kila mtumishi wa Serikali analijua. Ofisa anapohamishwa haachi ofisi kwa kuaga tu, hukabidhi. Huandika kilichopo, kilichopungua na kinachosubiri kufanywa, na watu wawili hutia sahihi. Anayepokea huwa na haki ya kuuliza kabla ya kusaini. "Ruhusa" hutolewa na mmoja na kupokewa na mmoja, na mtunzaji hayumo kabisa katika neno hilo. "Makabidhiano" humwingiza.

Tutaambiwa kwamba mtu si mali hata akabidhiwe. Lakini Kiswahili humkabidhi mtoto kwa mlezi wake, na mgeni kwa mwenyeji wake, wala hakuna anayeona kwamba wamefanywa mali. Kinachokabidhiwa hapo ni dhamana. "Ameruhusiwa" libaki kwa mgonjwa anayekwenda zake kwa miguu yake.

Basi tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe:

Uchunguzi wa tahadhari: kumwangalia mtu asiyejulikana kuwa na ugonjwa fulani, kwa maswali au kipimo chepesi, ili kujua kama anahitaji kupimwa zaidi. Neno "tahadhari" hutaja sababu, nalo halimshtaki mtu.

Upimaji wa kuthibitisha: kipimo cha maabara au kinginecho kinachofuata uchunguzi wa tahadhari.

Mwenye vimelea: mtu ambaye vimelea vimeonekana kwake, awe anaumwa au haumwi. Tunaliona bora kuliko "mchukuzi", ambaye kwetu ni hamali.

Ukaaji wa vimelea: hali ya vimelea kukaa mwilini bila kuleta ugonjwa. Wasomaji watakubali kwamba kufasiri neno la Kiingereza moja kwa moja hapa kungetupa "ukoloni", na tumekwisha kuwa nao wa kututosha.

Mwenye kuambukiza: mtu ambaye kwa wakati huo vimelea vyaweza kutoka kwake na kumfikia mwingine. Maneno "kwa wakati huo" ni ya lazima, kwani hali hii huisha.

Mpokezi: mtu au kituo kinachomchukua mgonjwa ili kumtunza.

Hati ya makabidhiano: karatasi inayoambatana na mgonjwa, iliyoandikwa ili mpokezi aielewe.

Tukizitumia, karatasi ya mzee wetu ingesomeka hivi: "Mgonjwa anakabidhiwa kwa mpokezi, ambaye ni mpwa wake. Amefanyiwa uchunguzi wa tahadhari wa kifua kikuu. Kwa kuwa anakohoa, makohozi yake yamepelekwa kwa upimaji wa kuthibitisha, na vimelea vya kifua kikuu havikuonekana. Kikohozi chake chadhaniwa kuwa ni cha vumbi. Kikizidi, au akipata homa au kupungua uzito, arudishwe. Kidonda cha mguu kina vimelea ambavyo ni sugu kwa baadhi ya dawa. Vimelea hivyo vyaweza kuhama kwa mikono na nguo. Kidonda kifunikwe, na anayekiosha anawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kazi. Hakuna sababu ya kumtenga wala ya kumkataza kula na wenzake." Chini yake ziwe tarehe za vipimo na sahihi mbili.

7. Mwisho

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Muuguzi mwenye wagonjwa wengi hana nafasi ya kuandika sentensi tisa mahali pa maneno matano. Pingamizi hili ni la haki, na jibu letu ni kwamba sentensi nyingi kati ya hizo zaweza kupigwa chapa tayari katika fomu, muuguzi akatia alama na tarehe. Lakini fomu hiyo sharti itungwe kwanza, na itungwe na watu wanaojua tiba wakiwa wamekaa meza moja na watu wanaojua lugha. Ikitungwa kwa Kiingereza na kuletwa kwa mfasiri siku ya mwisho, tutarudi pale pale.

Wengine watasema kwamba wananchi hawatazielewa istilahi hizi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafundisha wanavijiji kuhusu malaria, kuhara na uchimbaji wa vyoo kwa redio, vitabu na vikundi vya kujisomea, vyote kwa Kiswahili. Mwananchi hashindwi na jambo kwa kuwa ni la kitaalamu. Hushindwa pale anapopewa neno moja kwa mambo manne na kuachiwa akisie.

Tunawaomba walimu wa vyuo vya uuguzi, maofisa wa ustawi wa jamii na wafasiri watuletee maneno yanayosemwa wodini na majumbani katika wilaya zao, yakiwa ya Bukombe au ya kwingineko. Huenda lipo neno bora kuliko "makabidhiano", na huenda linasemwa sasa hivi na mama mmoja anayemwosha mzee kidonda uani. Tutalipokea.